Guernica: Anza na Koo, Fahali Atasubiri

Wazo la kuinakili Guernica, picha kubwa ya mchoraji Mhispania Pablo Picasso kuhusu mji uliopigwa mabomu, lilianza kama zoezi tu la mkono. Tulikuwa kikundi cha wachoraji, wengine wamesomea sanaa, wengine wamejifunzia ukubwani, na tulitaka kazi moja nzito ya kutulazimisha kupanga picha kubwa kwa pamoja. Mwenzetu mmoja akasema tuchukue hii ya Picasso, maana haina rangi: nyeusi, nyeupe na kijivu, basi. Tukacheka, tukakubali. Kazi yenyewe ilitutoa jasho.

Tangu tuionyeshe nakala ile, walimu na viongozi wa vikundi vya vijana wamekuwa wakiniuliza mambo matatu: mlianzia wapi, yule fahali aliyemo kwenye picha maana yake nini, na je, mtu ambaye vita vimempitia kweli aletwe mbele ya picha kama hii? Nitayajibu kwa kufuata yalivyotokea, kwa sababu swali la pili lilimeza muda ambao swali la tatu ndilo lililokuwa likiuhitaji.

Kwanza tulisoma, na hapo sijuti. Jumatatu ya tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Kikosi cha Condor cha Ujerumani, zikisaidiwa na za Italia, ziliushambulia mji wa Gernika (ndio Guernica ya jina la picha) katika nchi ya Wabasque, kaskazini mwa Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza Julai 1936, na ndege hizo zilikuwa upande wa Jenerali Franco, aliyekuwa akiiasi serikali ya Jamhuri. Mashambulizi yalianza alasiri yakaendelea kwa takriban saa tatu, mabomu ya kubomoa yakichanganywa na ya kuchoma, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Mwandishi wa gazeti la The Times, George Steer, alifika usiku uleule kutoka Bilbao, na taarifa yake ya tarehe 28 Aprili ndiyo iliyoifanya dunia ijue. Upande wa Franco ulikana. Ulidai kwamba Wajamhuri wenyewe ndio walioutia mji moto walipokuwa wakirudi nyuma.

Mtu akitaka kuandika maelezo ya ukutani, aangalie sana idadi ya waliokufa. Serikali ya Wabasque ilitaja watu 1,654. Wanahistoria wa baadaye, wengi wao, wanataja kati ya 150 na 300. Andika zote mbili na useme nani alisema nini. Ukiandika moja tu, atatokea mtu mwenye ile nyingine mfukoni, na mazungumzo yote yatageuka kuwa ya hesabu, huku mama aliyebeba mtoto akisimama pale bila wa kumtazama. Yalitukuta.

Picasso alikuwa Paris. Tangu Januari mwaka huo serikali ya Jamhuri ya Hispania ilikuwa imemwomba picha kubwa kwa ajili ya banda lake katika maonyesho ya dunia ya Paris, naye alikuwa hajaianza. Habari za Gernika zilipofika, alianza kuchora rasimu tarehe 1 Mei, akaanza turubai yenyewe tarehe 11, na mwanzoni mwa Juni alikuwa amemaliza. Sisi tulitumia muda mrefu kuliko yeye kunakili kile alichokibuni. Jambo hilo liliwavunja moyo vijana wetu kidogo, mimi lilinichekesha.

Sasa vipimo. Picha ya asili ina kimo cha sentimita 349 na upana wa 776. Tuliamua kila upande uwe nusu, yaani karibu 175 kwa 388, tukaigawa turubai kwa miraba ya sentimita 25, safu saba kwenda juu. Usipunguze zaidi ya hapo. Kwenye kadi au skrini ya simu jicho linaimeza picha nzima kwa mara moja, linaiita fujo, linapita. Kwenye ukubwa ule huwezi kuimeza. Inabidi utembee, na ukitembea unakutana na mtu mmojammoja. Wapo waliotushauri tutumie projekta ili mistari ijichore yenyewe kwa saa moja. Nilikataa na bado ningekataa. Projekta inakupa mstari kabla hujajua unakwenda wapi. Miraba inakulazimisha uulize: huu ni mguu wa nani?

Swali hilo tuliliuliza mara nyingi kuliko nilivyodhani. Kwenye miraba ya katikati, mwili wa farasi, ubao wa sakafu, goti la mwanamke anayekimbia na mkono uliokatika wa askari vimepitana kiasi kwamba mwenzetu mmoja alipaka rangi kipande cha kwato akidhani ni kivuli. Pia huwezi kujua kama uko ndani ya nyumba au nje. Kuna sakafu ya vigae na kuna meza. Hapohapo kuna paa, ukuta wa nje na moto. Ukishachora mistari yote miwili kwa mkono wako unaelewa: mji ukishapigwa mabomu, ndani na nje havipo tena.

Kuhusu rangi nitasema kifupi. Tafuta rangi isiyong'aa, kwa sababu ya asili haina mng'ao, na taa ikipiga kwenye nyeusi inayong'aa utaona taa badala ya picha. Nunua nyeupe kuliko unavyofikiri. Ndiyo iliyokula fedha zetu, maana kila kijivu kinaanzia kwenye nyeupe. Changanya vijivu vyote mapema, vitie kwenye makopo yenye namba. Chapa za vitabuni hazikubaliani: moja kijivu chake kimeelemea bluu, nyingine hudhurungi. Chagua moja mwende nayo.

Nije kwa fahali.

Fahali alitula jioni nyingi. Yuko kushoto, juu ya mama mwenye mtoto aliyekufa, mkia wake umeinuka kama moshi. Nusu ya kikundi walisema ni Franco. Wengine wakasema ni Hispania yenyewe, inayosimama baada ya yote. Mmoja akasema ni Picasso. Tulitafuta maneno ya mchoraji mwenyewe, yakatuongezea ubishi. Katika mahojiano na Mmarekani Jerome Seckler yaliyochapishwa mwaka 1945, Picasso alieleza kwamba fahali si ufashisti, ila ni ukatili na giza, na kwamba farasi ni watu. Wakati mwingine akasema fahali ni fahali na farasi ni farasi, maana wajitafutie watazamaji. Basi kila upande ukapata shahidi wake.

Kilichotusaidia hakikuwa nukuu, kilikuwa ni kujua mchezo wa mapambano ya fahali ulivyokuwa. Picasso alizaliwa Málaga mwaka 1881, na michezo hiyo aliitazama tangu utotoni. Siku hizo farasi wa mpanda farasi mwenye mkuki hakuvikwa kinga yoyote. Kinga ya lazima ililetwa mwaka 1928. Kabla ya hapo fahali aliwapasua farasi matumbo mbele ya umma, na farasi hao hawakuwa washindani wa mtu yeyote. Waliletwa tu. Ukilijua hilo, urudi kwenye picha, unaona jambo ambalo kamusi ya alama haikuonyeshi: fahali huyu hajamchoma mtu. Pembe zake ni safi. Farasi amechomwa na mkuki uliotoka juu. Fahali amegeuza kichwa, macho yote mawili yanakutazama, na chini ya shingo yake kuna mama anayepiga kelele. Ni mkatili? Ni shahidi? Ni mnyama aliyeduwaa? Mimi naegemea kwa mnyama aliyeduwaa, lakini nimeacha kugombana.

Picha za Dora Maar zilitusogeza mbele zaidi. Alikuwa mpiga picha, mwenza wa Picasso wakati huo, na alipiga picha za turubai hatua kwa hatua ilipokuwa ikichorwa. Ukitaka kuinakili Guernica, zitafute hizo kabla ya kununua brashi. Katika hatua za mwanzo askari aliyeanguka anainua mkono wima, ngumi imekunjwa. Katika hatua inayofuata ngumi imeshika masuke ya nafaka na nyuma yake kuna jua kubwa. Ilikuwa ishara ya wazi ya wapiganaji wa Jamhuri, ahadi ya ushindi. Picasso aliifuta. Lile jua likageuka umbo la jicho, na ndani yake mwishowe akaweka globu ya umeme yenye miale mikali kama meno ya msumeno. Kichwa cha farasi kilichokuwa chini kikapandishwa hadi katikati. Kwa hiyo alikuwa na alama ya matumaini mkononi, iliyoeleweka na kila mtu, akaiondoa ili kelele ya mnyama ipate nafasi. Kijana wetu mmoja alikasirika kweli. Alitaka tuirudishe ngumi kwenye nakala yetu. Tulibishana, lakini ubishi huo, tofauti na ule wa fahali, ulitufundisha kitu: tulikuwa tunazungumza juu ya uamuzi wa mtu mbele ya maiti.

Tuliposhuka kutoka kwenye alama tukakuta miili, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Hesabu vinywa vilivyo wazi. Mama, askari, farasi, ndege mezani gizani kati ya fahali na farasi, mwanamke anayeanguka kwenye nyumba inayoungua upande wa kulia. Ulimi wa mama na wa farasi umechongoka kama msumari. Shingo zimevutwa nyuma hadi zinakaribia kukatika. Ili kuuchora mstari wa koo la mama ilinibidi niinue kichwa changu vilevile, nikakaa hivyo, na ndipo nilipojua mstari unaishia wapi. Macho yake yana umbo la tone la chozi. Ya mtoto hayana mboni. Vidole ni vinene kama vilivyovimba, na kiganja cha askari kimejaa mistari inayokatana.

Mwenye mafunzo zaidi kati yetu ndiye aliyepata taabu kuliko wote, kwa kuwa mkono wake unasahihisha bila kumuuliza. Alimpa mama macho yaliyolingana, akavirefusha vidole vya askari vikawa vizuri. Tulipoitazama kwa mbali maumivu yalikuwa yameondoka, umebaki ustadi. Tulifuta. Ukinakili picha ya namna hii, kila mahali ambapo mkono wako unataka kurekebisha, simama: hapo ndipo mchoraji aliposema jambo.

Kitu kingine hukioni mpaka uwe umejaza miraba yote. Hakuna adui. Hakuna ndege ya kivita, hakuna bomu, hakuna bendera wala sare ya jeshi. Silaha pekee ni mkuki uliomo mwilini mwa farasi na upanga uliovunjika mkononi mwa askari, na pembeni ya upanga kuna ua dogo, limechorwa kwa mistari michache sana. Picha iliyozaliwa na shambulio la anga inaliacha anga nje kabisa.

Swali la tatu sasa. Miongoni mwetu alikuwako dada aliyekimbia vita akiwa mtoto. Tulijua kwa juujuu, hakuwa akisimulia. Kazi tuligawana kwa kura, naye akaangukiwa na upande wa kushoto. Alichora kwato, mkia, ukuta. Alipofika kwa mtoto aliweka brashi kwenye kopo, akachukua mkoba, akaondoka bila neno. Hakuna aliyejua afanye nini. Wapo waliotaka kumfuata, wapo waliosema aachwe, na mimi nilipitisha jioni ile nikiosha brashi ambazo zilikwisha kuwa safi.

Alirudi baada ya muda, mwenyewe, akaomba apewe sakafu. Akachora vigae vyote, kwa umakini ambao hakuna mwingine aliuweka pale, na leo sakafu ndiyo sehemu bora ya nakala yetu. Siku moja akiwa amechuchumaa na rula alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba kinachomsumbua si mtoto kufa, ni kwamba huyu mama matiti yake yako wazi, bado anamnyonyesha. Nilikuwa nimemchora mama yule kwa mkono wangu na sikuwa nimeliona.

Kwa hiyo nawajibu wanaouliza: ndiyo, aletwe akitaka, lakini msigawane kazi kwa kura. Weka chapa ya picha nzima mezani siku ya kwanza, kila mtu aone yote yaliyomo, achague kipande chake, na aruhusiwe kubadilisha bila kuulizwa sababu. Kuwe na mlango ulio wazi na mtu mmoja anayejua kukaa kimya na mwenzake. La muhimu zaidi, msimgeuze aliyepitia vita kuwa mkalimani wa mateso kwa wengine. Akisema, msikilize. Asiposema, kuna rangi ya kuchanganya.

Maonyesho yetu yalikuwa ya siku chache. Mwanzoni tulibandika kadi kubwa yenye orodha ya alama: fahali hivi, farasi vile, globu ya umeme teknolojia ya vita, taa ya mkononi ukweli. Watu waliisoma kadi kwa makini, wakaitupia picha jicho, wakaondoka wameridhika. Tukaing'oa. Mahali pake tukaweka swali moja: nani ameumia, na wapi? Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema, lakini mbele ya Guernica anaambiwa, na anashukuru. Watoto walianza kunyoosha vidole. Mzee mmoja alisimama muda mrefu, kisha akasema, wapiganapo tembo nyasi huumia, ila hapa zimechorwa nyasi peke yake, tembo hawapo. Hakuna maelezo yangu yaliyowahi kuifikia sentensi hiyo, na tangu siku ile naitumia kila mahali.

Ukiongoza watu, waanzishe chini kushoto, kwenye kiganja cha askari. Wapeleke sakafuni hadi mguu mzito wa mwanamke upande wa kulia, kisha wapandishe juu hadi kwenye taa anayoishika yule aliyechomoza dirishani. Umewachorea pembetatu inayoibeba picha yote, na njiani wamewapita waliolala, wanaokimbia na anayekuja kuangalia. Taa yake ndogo iko karibu kabisa na globu ya umeme, na mara nyingi mtu mwenyewe atauliza kwa nini kuna mianga miwili. Fahali mwache mwisho. Atakuwa bado yupo.

Jiandae pia kwa swali la kama picha imewahi kuzuia vita. Hii haikuzuia. Ila kuna kisa cha New York ninachowapa watu: nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitundikwa zulia la ukutani lililofumwa kwa kuiga Guernica. Tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipokwenda kutetea hoja ya vita dhidi ya Iraki, lilikuwa limefunikwa kwa pazia la bluu. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya mandhari ya kamera za televisheni. Msikilizaji aamue mwenyewe.

Ya asili niliiona baadaye sana, Madrid, katika Makumbusho ya Reina Sofía. Kama unapanga kwenda: Jumanne wanafunga. Tiketi nililipa euro 12, na jioni siku nyingine za kazi kuna saa mbili za mwisho za bure, lakini saa hizo utaitazama migongo ya watu. Lipa, uende asubuhi. Tangu 2023 wanaruhusu kupiga picha bila mwanga wa flashi, kwa hiyo tegemea mikono na simu mbele yako. Rasimu na picha za Dora Maar ziko karibu na turubai. Mimi ningeanza na hizo, kisha niingie. Siku hiyohiyo tembea hadi makumbusho ya Prado, si mbali, ukatazame picha ya Goya, mchoraji Mhispania wa kabla ya Picasso, ya mauaji ya tarehe 3 Mei 1808. Yule mtu mwenye shati jeupe aliyeinua mikono mbele ya bunduki, na taa kubwa iliyowekwa chini: nilipomwona, nilijua mwanamke anayeanguka upande wa kulia wa Guernica alijifunza wapi kuinua mikono.

Mambo mawili ya kiofisi kabla sijasahau. Picasso alifariki Aprili 1973, kwa hiyo katika nchi nyingi haki za kazi zake bado zinalindwa. Kunakili ili ujifunze ni jambo moja. Kuuza, kuchapisha fulana au kutoza kiingilio ni jingine, linahitaji ruhusa, na ni afadhali kuuliza mapema. La pili ni uhifadhi. Guernica ilizungushwa Ulaya na Marekani miaka mingi, ikiviringishwa na kukunjuliwa, hadi ikapata nyufa, na ndiyo sababu leo haiazimwi. Hata jumba la makumbusho la Guggenheim la Bilbao, lililo karibu kabisa na Gernika, liliiomba kwa ajili ya ufunguzi wake wa 1997 likanyimwa. Nakala yetu inaazimwa. Izungushe kwenye bomba nene, upande wenye rangi ukiwa nje, weka karatasi laini katikati, na usiiache kwenye gari juani. Shule iliyoichukua mwisho iliirudisha na alama za vidole kwenye koo la farasi, nasi tumeamua kutozifuta.